Rehema za Alhamisi

Mwalimu alikuwa na tabia moja iliyowakera watu: ukimwuliza fulani ni nani, hakwambii ni mtoto wa nani. Sisi Waarabu wa Ibra tukiuliza mtu tunataka kwanza kabila lake, kisha baba yake, kisha kama wazee wake walirudi kutoka Unguja au kutoka bara, ndipo tumjue na tumtilie kahawa. Yeye alijibu kwa jambo ambalo mtu huyo amelitenda. Huyo ndiye aliyemfundisha mke wa kaka yake kusoma. Huyo ndiye anayewapigia honi wazee barabarani. Basi, umeshajibiwa. Nami nikimweleza yeye nitafuata njia yake, maana kuzaliwa kwake sikukuona na ukoo wake hakuwahi kunihadithia.

Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu, yenye lango la kijani. Kwa miaka mingi alisomesha hesabu skuli ya wasichana, hata nusu ya wanawake wa mtaani walikuwa wameshavutwa sikio naye. Alipostaafu, jina la kazi lilibaki. Mumewe mwenyewe, mzee mpole aliyependa pikapu yake kuliko mazungumzo, alimwita Mwalimu, wajukuu wakamwita Mwalimu, na nina hakika wengi wetu tungeulizwa jina lake la pasipoti tungetazamana.

Alikuwa mtu wa bara, wa mji mmoja wa ziwani, na huko alisomeshwa na masista wa Kikatoliki kwa sababu ndio waliokuwa na skuli ya wasichana. Haikuwa siri, ila ilisemwa kwa sauti ndogo, kama tunavyosema fulani ana sukari. Bibi yangu, mtu wa Unguja mjini aliyejiona ndiye mwenye Kiswahili chake, alimcheka sana. Mwalimu alisema nyanya, bibi alisema tungule, na kila walipokwenda sokoni pamoja bibi alimwuliza leo anakwenda kumnunua nyanya wa nani. Mwalimu alicheka naye. Lakini sisi tuliozaliwa hapa, tunaosema Kiswahili cha kuokoteza, hakutusamehe. Ukisema "kitabu yangu" anasimama palepale, hata ikiwa ni katikati ya njia na jua la saa saba, anakuuliza kitabu chako kimekukosea nini, na haendi mpaka urekebishe.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mchoyo wa biskuti. Bati la biskuti lilifungiwa kabatini, na watoto wake mpaka leo wanalalamika kwamba watu baki walikula vizuri kuliko wao. Alipenda dhahabu, alipenda udi, na hakutoka mlangoni bila kujifukiza. Baada ya adhuhuri alitazama tamthilia za Kituruki, na siku zote alimlilia yule mtu mbaya, kwa sababu, alisema, yule mzuri ana wengi wa kumlilia. Hasira yake ilikuwa karibu. Aliwahi kumfukuza nyumbani mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye ndevu, kwa kumsemesha vibaya fundi wa Kibangali aliyekuja kutengeneza kiyoyozi, na akamwambia asirudi mpaka akamtafute fundi huyo amwombe radhi. Fundi alikuwa ameshahamia Sinaw. Mwana akaenda Sinaw.

Hayo ndiyo ya kila siku. Alhamisi ilikuwa kitu kingine.

Kila Alhamisi baada ya alasiri wanawake wa mtaani tulikusanyika uani kwake kuoka mikate ya ufuta. Majiko ya makaa yalipangwa ukutani, tui la kopo likafunguliwa, na kila mmoja akashika kazi yake: huyu anakoroga, huyu anageuza kikaango juu ya makaa ili uso wa mkate uive, huyu ananyunyiza ufuta. Mikate yenyewe haikuwa yetu. Ijumaa asubuhi mumewe aliipakia kwenye pikapu, wakaenda wote wawili kwenye mashamba ya mitende upande wa Al Qabil na kwenye majumba yanayojengwa, wanakokaa vibarua wa Kihindi na Kibangali siku yao ya mapumziko, kisha hospitali, kwa wagonjwa wasio na jamaa wa kuwatazama. Kutoa ni moyo, husema watu. Mwalimu aliongeza kwamba kutoa ni unga pia, kwa hiyo kila mtu aje na wake.

Mumewe alinung'unika kwa desturi tu. Husimama langoni akauliza kapuni mna nini leo, na Mwalimu hujibu, "Mawaridi." Mzee akacheka akawasha gari. Hakujua kichekesho kimetoka wapi. Sisi tulijua, kwa sababu mikono yetu ikiwa kwenye unga Mwalimu alitusimulia habari za Bint Sultani.

Hakuwahi kumpa jina. Alikuwa binti wa mfalme wa nchi moja ya baridi, zamani sana, na alipokuwa na miaka minne alichukuliwa kwao akapelekwa nchi ya pili, kwenye ngome juu ya mlima, alelewe pamoja na kijana atakayekuja kumwoa. Wakwe hawakumpenda. Kila aliposimama kusali alivua taji lake akaliweka chini, na mama mkwe akamwambia anawaaibisha mbele za watu. Akajibu kwamba hawezi kusimama mbele ya Mungu na dhahabu kichwani. Mwalimu akifika hapo alitazama bangili zake mwenyewe. "Yeye alikuwa mtoto," alisema. "Mimi nina magoti mabovu, dhahabu yangu niachieni."

Lakini yule kijana alimpenda. Hili Mwalimu alilikazia mpaka wanawake walioolewa wakatazamana. Walioana, wakapendana waziwazi hata watu wa ngomeni wakaona haya wao. Ulipokuja mwaka wa njaa, mume akiwa safarini, mke akafungua maghala akagawa nafaka yote. Mume aliporudi wasimamizi walimkimbilia na mashitaka, naye akasema mwacheni atoe, maadamu ngome ameibakisha. Siku nyingine walimjia mbio wakamwambia mkewe amemlaza mtu mwenye ukoma katika kitanda chao. Mume akaenda, akafunua shuka, akatazama, akaifunika tena, akatoka. Tulimwuliza Mwalimu mume huyo aliona nini. Alisema aliona mgonjwa.

Halafu siku ya mikate. Theluji imeanguka, na Bint Sultani anateremka mlimani na mikate ya maskini ameificha kwenye nguo yake, kwa kuwa ndugu za mume wamemkataza. Anakutana nao njiani, wanamwuliza amebeba nini. Anasema mawaridi. Wakaifunua nguo, na yakawa mawaridi, katikati ya baridi ile.

"Ya Jabal Akhdar?" aliuliza Bi Mkubwa, ajuza wa nyumba ya pembeni, mara ya kwanza aliposikia.

Mwalimu akamwambia ni ya kwao huko. Bi Mkubwa hakuridhika. Kwake yeye waridi la maana ni la mlimani kwetu tu, linalotoa marashi, na mengine yote ni majani.

Mwisho wa hadithi ulikuwa mzito. Mume alikufa safarini kwa homa. Shemeji akamtoa mjane ngomeni na watoto wake watatu wakati wa baridi, na mjini hakuna aliyethubutu kumfungulia mlango, hata wakalala kwenye banda la mbuzi. Baadaye akajenga hospitali, akawaosha wagonjwa kwa mikono yake na kusokota sufu apate riziki. Alikuwa na mwalimu wa dini aliyemwendesha kwa ukali, akamfukuzia vijakazi wake na kuamuru apigwe. Hapo Mwalimu alipunguza sauti na kuwatazama wale aliowavuta masikio. Akafa Bint Sultani ana miaka ishirini na nne.

Bi Mkubwa aliinua mkono wake wenye unga. "Mungu amrehemu," akasema. Nasi sote tukasema, Mungu amrehemu.

Asiye wa kwetu asilione hili dogo. Wazee wetu hawatoi rehema ovyo. Hata Muislamu mwenzao hawamwombei mpaka wema wake ujulikane, kwa kuwa kumwombea maiti rehema ni sawa na kumtolea ushahidi, na ushahidi una mwenye kuuliza. Bi Mkubwa alikuwa mkali kuliko wote katika jambo hili. Mume wake wa kwanza alikufa na miaka arubaini baadaye hakuwa amemrehemu bado. Alisema anangoja apate habari zaidi. Lakini Bint Sultani alimrehemu kila Alhamisi. Mjukuu wake alipopona ugonjwa mkubwa, aliagiza mbuzi kutoka Sinaw akachinja, akagawa nyama mtaa mzima, na thawabu akamnuilia Bint Sultani, kwa sababu, alisema, maskini alikufa kijana, hana wa kumkumbuka. Mwalimu alipokea fungu lake la nyama akashukuru.

Sasa nifike kwangu, maana mimi ndiye niliyezivunja Alhamisi zile.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nasoma chuo Sur, na mwisho wa wiki narudi nyumbani nikiwa na simu mpya na maneno mengi. Alhamisi moja alikuwepo uani shangazi wa kijana aliyekuwa akitajwatajwa kwa ajili yangu. Nikafungua kinywa kujionyesha, nikakosea, na Mwalimu akasimamisha kazi akanirudisha kwenye sentensi ile mara tatu kama mtoto wa chekechea. Wanawake wakacheka. Shangazi wa kijana akacheka zaidi. Nilirudi Sur na kicheko kile tumboni, na usingizi ukanikataa, nikaazimia kumkamata Mwalimu na kosa lake japo moja.

Haikunichukua muda. Niliandika kwenye simu binti mfalme, mikate, mawaridi, nikaletewa picha ya dirisha la vioo la kanisa: mwanamke mwenye mikate kwenye nguo na duara la nuru kichwani. Alikuwa mtakatifu wa Wakatoliki wa zama za kati. Nilisoma jina lake na la nchi yake. Sitaliandika hapa, kwa kuwa Mwalimu hakulitaja, na anayemjua ameshamjua. Hospitali duniani zinaitwa kwa jina lake mpaka leo, waoka mikate wanamhesabu wao, na ana siku yake kila mwaka. Nikasoma kwamba mumewe alikufa akiwa njiani kwenda Vita vya Msalaba, yaani akija kupigana na sisi. Katika kitanda kile, wao wanasimulia, alipofunua shuka alimwona Yesu msalabani. Na banda alilolala mjane na watoto wake halikuwa la mbuzi.

Alhamisi iliyofuata nilikoroga unga kwa adabu, nikangoja. Mwalimu akafika kwenye banda.

"Si la mbuzi, Mwalimu," nikasema. "Ilikuwa banda ya nguruwe."

Nikatoa simu nikasoma, nikatafsiri kwa Kiswahili changu kibovu, kisha nikaipitisha picha mkono kwa mkono. Nilianza na msalaba. Nilijua ninachofanya, na ninalisema hapa ili mtu asinitafutie udhuru. Bi Mkubwa hakuishika simu, mikono yake ilikuwa na unga. Aliitazama kwa mbali kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Mwalimu. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo.

"Wallahi, Mwalimu, kweli haya?"

"Kweli," akasema Mwalimu.

"Na ulikuwa ukijua sote tunamrehemu."

"Nilikuwa nikijua."

Angeweza kusema ni hadithi tu ya kupitishia wakati. Angeweza kusema hakumlazimisha mtu. Hakujitetea hata kidogo. Mikate ikamaliziwa kuokwa, hakuna aliyetupa unga, na kahawa ikapitishwa kama kawaida. Kwetu aliyetosheka hutikisa kikombe ili asimiminiwe tena. Siku ile kila mmoja alitikisa chake baada ya kikombe cha kwanza, wakaaga kwa maneno mazuri, wakatoka mmoja mmoja.

Alhamisi iliyofuata mmoja alikuwa anaumwa goti, wa pili ana wageni kutoka Nizwa, wa tatu ana harusi Sur. Udhuru wote ulikuwa wa kweli, nilihakikisha. Hakuna aliyemsema vibaya, sisi si watu wa kelele. Bi Mkubwa alimwuliza shekhe, akaambiwa aliyoyasema kwa kutojua hayahesabiwi, ila asiseme tena, naye akaacha. Mama yangu alikwenda mara tatu, nne, akaona aibu kuwa peke yake, akaacha. Akaniambia siku moja amemkuta Mwalimu uani wakati wa alasiri, jiko moja linawaka, amekaa mikono mapajani. Ijumaa pikapu iliendelea kutoka, lakini mikate ilikuwa michache, na vibarua wa mashamba ya mwisho huko Al Qabil hawakufikiwa tena. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyepindua ndoo.

Posa ya yule kijana haikuja, na hilo halikuniuma. Niliolewa na mtu wa Nizwa, nikapata kazi huko huko, ya kupanga mafaili ya wagonjwa hospitalini, nikazaa. Miaka kumi na sita nilikutana na Mwalimu harusini na msibani tu. Shikamoo Mwalimu, marahaba mwanangu, watoto hawajambo? Kamwe hatukuigusa Alhamisi ile. Lakini nilijua hajanisamehe, kwa dalili moja: hakunisahihisha tena. Niliwahi kukosea makusudi mbele yake, kosa la wazi ambalo zamani lingenisimamisha barabarani, naye akaitikia kama amesikia sawa. Nilikwenda kulia garini.

Mume wa Mwalimu alipofariki, binti yao alimchukua mama akakae naye Birkat al Mauz, karibu na Nizwa. Tukasikia moyo umechoka na madaktari wanasema wamefanya wanaloweza. Kutoka kazini kwangu mpaka hapo si mwendo, na bado nilichukua miezi mitano kufika. Kila wiki nilikuwa na sababu. Kweli yenyewe ni kwamba niliogopa. Mtu akifa hana radhi nawe, jambo hilo halizikwi naye, linakungoja mbele ya Mungu, na mimi niliogopa kumwomba akaniambia hapana. Nikawaza, nisipomwomba angalau sijanyimwa.

Hatimaye nilikwenda Jumamosi moja, baada ya alasiri. Nyumba iko juu ya mashamba ya migomba, na maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba, yanasikika yakipita chini ya ukuta. Binti yake, mwanamke wa umri wangu, alinikaribisha, akaniwekea halua na kahawa, akarudi jikoni. Mwalimu alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, miguu imevimba juu ya stuli, sinia la mchele mapajani, anachambua. Amekuwa mdogo. Bangili alikuwa amezivua, mikono imemvimba pia. Tukaulizana hali, tukaulizana watoto, tukaulizana joto.

"Mwalimu," nikasema, "nimekuja kutaka radhi."

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akaliweka ukingoni mwa sinia.

"Siku ile ulisema kweli," akasema. "Lakini ulisema ili unipige."

"Ndiyo."

"Basi hilo la kunipiga ndilo la kusamehewa. Kweli haiombewi samahani."

Akaniambia wazi kwamba hakunisamehe siku ile wala mwaka ule. Si kwa ajili ya aibu, alisema, aibu alikuwa ameistahili. Ni kwa ajili ya watu wa mashamba ya mwisho, waliokuwa wakitoka nje kila Ijumaa kutazama barabara. Alikuwa amewaona siku gari lilipopita bila kusimama, kwa kuwa kapu lilikuwa limeshakwisha. Niliinamisha kichwa. Baadaye, akasema, hasira iliondoka yenyewe, hakumbuki lini, na tangu hapo alikuwa akingoja nije. Nikamwuliza mbona hakunisahihisha tena. Akashangaa. Akasema aliona nimekuwa mtu mzima, akaogopa kunitia aibu mara ya pili.

Nilitaka kumshika mkono lakini sinia lilikuwa katikati. Nikamwuliza jambo lililonikaa miaka yote: aliwezaje kumpenda mtu ambaye mumewe alikuwa akija kutupiga sisi.

"Mume alikuwa njiani," akasema. "Yeye alikuwa nyumbani anagawa mikate."

Akaliweka sinia chini. Akaniambia naye ana lake la kuomba radhi, na kwamba mimi ni mtu wa pili kulisikia.

Palikuwa na sista mmoja mzee pale skuli, alisema. Ndiye aliyemsimulia habari za yule mtakatifu. Wasichana wa Kiislamu walikuwa wachache, na mwezi wa Ramadhani sista huyo aliamka kabla ya alfajiri kuwapashia uji wa daku, akakaa nao mpaka wamalize, na mchana chakula chake akakila nyuma ya jiko wasimwone. Mwalimu alipougua homa ya matumbo alimlisha kwa kijiko majuma matatu. Hakumwambia hata siku moja aombe kwa namna yao. Mwalimu alikuwa ameshahamia Ibra zilipomfika kwa barua habari za kifo chake. Alikaa na barua ile mapajani, akataka kusema lile neno la rehema linalosemwa, likamkwama, kwa sababu alikuwa amefundishwa tulivyofundishwa sote. Hakulisema. Lakini kunyamaza nako moyo haukumruhusu, ukamwuma mwaka baada ya mwaka.

"Akaja Bi Mkubwa, Mungu amrehemu, akainua mkono wake ule," akasema. "Wanawake kumi na wawili wakasema kwa kinywa kimoja neno nililoshindwa mimi. Nikanyamaza. Kila Alhamisi nikanyamaza, nikasema moyoni, Mola, wewe wajua rehema hii iende kwa nani." Alinitazama. "Niliwatumia wenzangu, nao hawajui. Huo si uungwana."

Nikamwuliza mtu wa kwanza kulisikia alikuwa nani. Alikuwa Bi Mkubwa mwenyewe, katika maradhi yake ya mwisho. Mwalimu alikwenda akamweleza yote, akamwomba radhi. Bi Mkubwa alifikiri, akauliza kama huyo sista ndiye aliyekuwa akiwaamsha daku kweli, akaambiwa ndiye. Akafikiri tena. Akasema yule mbuzi ameshaliwa, hawezi kumrudisha Sinaw, basi thawabu ibaki huko huko ilikokwenda.

Tulicheka sote wawili, na katika kucheka nikaona machozi yananitoka, sikuyazuia. Nikamwambia kwa upande wangu niko radhi, na kwa upande wa mama yangu na bibi pia, nitawasemea. Yeye aliitikia kwa kichwa polepole, lakini uso wake haukutulia. Kulikuwa na jambo jengine.

"Na mimi je?" akasema. "Nikifa mtaniombea?"

"Tutakuombea, Mwalimu."

"Bila kwenda kuuliza kwanza?"

Sikujua kwamba mtu kama yeye angeweza kuogopa hilo. Aliwalisha watu mikate maisha yake yote, na alikuwa amekaa dirishani anawaza kama majirani watamtolea ushahidi.

"Bila kuuliza," nikasema.

"Basi niambie sasa, nikiwa nasikia."

Nikamwambia mtu hai haambiwi hivyo, ila akipiga chafya. Na hapo naye inampasa ajibu. Akasema nimhesabie amepiga. Nikasema, lakini sauti haikufika popote. Akaweka mkono nyuma ya sikio. Nikajikaza, nikasema kwa nguvu, "Mungu akurehemu, Mwalimu."

Binti yake akauliza kutoka jikoni kama mama ameshikwa na mafua. Mwalimu alikuwa ananitazama mimi, na akanijibu kama anavyojibu aliyeombewa, neno kwa neno, bila haraka.

"Nawe Mungu akuongoze, mwanangu. Akutengenezee mambo yako."